Nani Anasema Amefariki

Mhariri wetu aliamini kwamba nchi hii iliharibiwa na neno "inasemekana". Alikuwa mzee kutoka pwani ya Kenya, mfupi, mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipolisema hilo alikuwa hatanii. Miaka yote ya utawala wa kijeshi redio ilitwambia inasemekana fulani ametoroka nchi, inasemekana fulani amepata ajali ya gari, nasi tuliokuwa tukisikiliza tulijua kwamba fulani ameshauawa na kwamba hakuna atakayeulizwa. Basi vita vya kumng'oa jenerali aliyetutawala vilipokwisha na mhariri akaja Jinja kuanzisha gazeti dogo la Kiswahili, kitu cha kwanza alichokileta, kabla ya viti na kabla ya kufuli la mlango, kilikuwa mwongozo.

Ulikuwa umepigwa taipu, karatasi zake zimetobolewa na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa ameutunga mwenyewe. Ulieleza namna ya kuandika vyeo, tarehe, majina ya vijiji na bei ya pamba. Ulikataza "umati mkubwa" kwa sababu, uliongeza, hakuna mwandishi aliyewahi kuripoti umati mdogo. Ulikataza kumwita mtu shujaa katika sentensi ya kwanza. Mwandishi aseme kwanza mtu huyo alifanya nini, msomaji atajua mwenyewe. Nilicheka niliposoma hapo, nami wakati ule sikuwa mtu wa kucheka ovyo.

Kurasa za vifo hazikuchekesha. Kila kifo, zilisema, kiwe na mwenye kukisema, na mwenye kukisema awe na jina lake, na aeleze amejuaje. "Watu wanasema" hapana. "Familia inasema" nayo hapana, maana familia haina mdomo mmoja. Andika ni nani katika familia. Kama hakuna aliye tayari kusema, basi mtu huyo aandikwe kwamba hajulikani alipo, na asiitwe marehemu.

Mimi nilikuwa mhariri msanifu, yaani yule anayepitisha kalamu nyekundu juu ya kila habari kabla haijakwenda kwa mpanga herufi. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya Kiswahili changu. Mimi ni Mnubi. Wazee wetu waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa Waingereza, wakafia huku, na sisi wajukuu tukabaki mijini na dini yetu, mkate wetu mwembamba wa kisra na Kiswahili tulichokizungumza na majirani tangu utotoni. Mtawala aliyeng'olewa alituweka karibu naye, basi alipokimbia, hasira za nchi nzima zikatuangukia sisi, aliyekula naye na asiyekula. Ndugu zangu wote walivuka mpaka, wengine Sudani, wengine Kenya. Mimi jirani yangu wa Mafubira, mama wa Kisoga, aliniingiza jikoni kwake na kuwaambia waliokuja kwamba mimi ni binti wa dada yake. Sijui walimwaminije, maana hatufanani hata kucha.

Baada ya hapo Kiswahili changu kilinitenga. Kwa wengi mjini ilikuwa ni lugha ya mtu anayekugongea mlango na bunduki. Nikiuliza bei ya nyanya sokoni, mwenye nyanya ananijibu kwa Lusoga, hata kama ameelewa vizuri, kisha anageukia mteja mwingine. Ofisini lugha hiyohiyo ndiyo iliyonipa kiti na meza karibu na dirisha. Nilitoka mahali nisipotakiwa nikaenda mahali ninapohitajiwa, jioni nikarudi, na katikati hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimeshindaje.

Nilikuwa na mume. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo, mtu wa kalamu, hajawahi kuvaa sare yoyote. Vita vilipokaribia Jinja alisema anakwenda Mbale kumchukua mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake Malukhu, kisha watanipitia tuondoke pamoja. Alitoka asubuhi na mfuko wa chumvi, kwa kuwa mama yake alikuwa ameagiza chumvi. Mama yake hakumwona. Mimi sikumwona tena.

Kwa hiyo sikuhama Mafubira. Kilikuwa chumba kibovu, paa linavuja juu ya kitanda, lakini ndicho alichokijua. Mwenye nyumba alinipa kingine kizuri zaidi upande wa nyuma nikakataa, akaniona mjinga. Nilifikiri, akija akute mgeni mlangoni, atageuka aende zake. Miaka ilipita hivyo. Mjane hupelekewa uji, majirani huketi naye, wanawake humsuka nywele wakilia naye. Mimi sikuwa mjane. Nilikuwa mke wa mtu, na watu humwachia mke wa mtu mambo yake.

Ofisini niliitwa Bibi Nani-Anasema. Walikuwa wakinitania, lakini pia walikuwa wakiniogopa kidogo, nami sikuchukia. Mwandishi akiniletea habari kwamba wezi wa ng'ombe wameua watu, namuuliza nani anasema. Akinijibu "kila mtu", namrudishia karatasi yake. Nilikuwa mkali, ndiyo. Watu walikuwa wameuawa kwa maneno ya kila mtu, na mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Kilichoniumiza ni matangazo. Wakati ule familia nyingi zilikuwa na mtu aliyetoka asirudi, na zilikuwa zimechoka. Walikuja kutoka Iganga, Bugiri, Kamuli, wakasimama mbele ya meza yangu na karatasi iliyoandikwa "marehemu". Nami nawauliza. Mzee mmoja wa Iganga aliyekuja kwa ajili ya mwanawe wa kwanza alinitazama muda mrefu, akasema, "Dada, wewe andika tu." Nikamwambia lazima jina la mtu liwepo, hata lake yeye baba. Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akatoka nje. Hakurudi. Nilikasirika naye siku nzima. Sikuelewa kwa nini mtu aliyesafiri mbali vile ashindwe na jambo dogo kama kutaja jina lake.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa fundi wa baiskeli Malukhu, alikuwa amekimbilia Kenya na kurudi, na ndiye aliyekuwa akimtunza mama yao. Alikaa kwenye kiti cha wageni bila kuegemea, mikono yake ina grisi, akatoa karatasi. Niliona jina la mume wangu na mbele yake lile neno.

"Shemeji," alisema, "mama anazeeka. Shehe amesema tutangaze gazetini. Kama tangazo limetoka na hakuna aliyekuja kusema amemwona mahali, basi tufanye karama, tumsomee, na wewe ukae eda. Umekaa hivi mpaka lini?"

Karama ni kisomo chetu na chakula cha kumrehemu maiti. Niliposikia hayo nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Niseme kweli, nilitaka. Nilitaka kuvaa nguo nyeupe na kukaa chini, wanawake waingie wakitoa pole, nilie mpaka nichoke, kisha siku moja niinuke. Nilikuwa nimemlilia yule mtu kwa kujificha miaka yote, nikifikiri nikilia kwa sauti nitakuwa nimemzika mzima.

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu nyekundu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nani anasema?"

Shemeji alinitazama. "Wewe!" akasema. "Mimi pia unaniuliza hivyo?"

"Nimewauliza wote."

"Andika familia."

"Haiandikwi familia. Nitaweka jina lako?"

Akainamisha kichwa akaanza kufuta grisi kwenye vidole vyake. "Mimi nilikuwa Kenya," alisema. "Nikisema amekufa, halafu siku moja akaingia nyumbani, nitamtazamaje kaka yangu?" Nikamuuliza, je, mama? Akasema mama akitajiwa jambo hilo anaendelea kusuka vifuniko vyake vya sinia kana kwamba hajasikia. Akasema lakini yuko mtu Busiu, wanamsikia siku nyingi, askari jela wa zamani, huyo ndiye anayejua. Kwa nini hawakuniambia mapema? Kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kumsikiliza.

Nilikwenda mimi. Nilishuka Busiu, njiani kwenda Mbale, mchana, jua kali, wanawake wamepanga ndizi kando ya barabara ya Tororo. Niliuliza nyumba ya yule askari, wakanielekeza nyuma ya shamba la mahindi. Alikuwa mtu wa Teso, mrefu, Mkristo, picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Alidhani nimetumwa na serikali. Nilipomwambia mimi ni nani, alimwita mkewe alete kiti, kisha akamwambia mkewe arudi ndani.

"Mama, mimi nakumbuka ile siku," alisema. "Watu mingi napita hapa, nakimbia. Pale kwa stoo ya pamba kulikuwa na kizuizi. Wale watu na bunduki, mimi sijui yao ni ya nani. Kila mtu alikuwa na bunduki. Sisi wa jela tulikuwa natoka Mbale, wao nasema simama hapa, saidia sisi. Mimi nasimama."

Nikamuuliza jinsi mtu huyo alivyokuwa. Nilimhoji kama ninavyowahoji waandishi: amevaa nini, amebeba nini, ulisimama umbali gani, uliona au uliambiwa? Alijibu polepole. Koti la kijivu. Mfuko. Walimwambia aseme, wakasikia Kiswahili chake hakina kosa, wakasema huyu ni mtu wa yule jenerali.

"Halafu yeye nauliza wao kitu moja," alisema. "Yeye nasema, bwana, ngoja mimi natoa koti. Anatoa. Anakunja yeye pole pole, hivi na hivi, mikono ndani, naweka juu ya majani. Juu yake naweka mfuko. Mimi nashangaa, kwa nini mtu nakunja koti? Wao napeleka yeye nyuma ya stoo. Mimi nasikia bunduki. Jioni mimi napita pale, naona yeye nalala chini. Yeye alikuwa ameisha, mama. Mimi naona kwa macho yangu."

Sikuhitaji swali jingine. Nilikuwa nimeolewa na mtu aliyekunja hata nguo chafu kabla ya kuzitia kwenye beseni. Nilimdhihaki kwa hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa yetu. Yule askari hangeweza kulitunga jambo kama lile, wala hakuwa na sababu. Nilikaa kwenye kile kiti nikitazama mahindi yake, na nilichokisikia hakikuwa huzuni kwanza, kilikuwa hasira, kwamba alikufa akijali koti na mimi sikuwepo kulipokea.

Aliniambia wenyeji waliwazika waliouawa kesho yake, lakini yeye alikuwa ameshaondoka, hajui ni wapi. Nikamwomba jina lake kwa ajili ya tangazo. Aliinuka palepale.

"Hapana, mama. Tafadhali. Mimi nilikuwa nasimama pale na sare ya serikali. Kama unaandika jina yangu, kesho watoto ya wale watu nakuja kuuliza, wewe ulifanya nini? Na mimi sikufanya kitu. Hiyo ndiyo shida yangu. Sikufanya kitu."

Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama nami mpaka teksi ilipokuja. Sikumlaumu.

Malukhu palikuwa karibu, ningefika jioni ileile. Sikwenda. Nilirudi Jinja, na siku iliyofuata nilikaa mezani na karatasi ya shemeji mbele yangu. Nilikuwa na kifo na sikuwa na mwenye kukisema. Shemeji hataki, shahidi anaogopa, mama yuko kwenye vifuniko vyake. Nilipitisha mstari mwekundu juu ya "marehemu", nikaandika "hajulikani alipo", kisha nikayafuta na hayo, maana nilijua alipo. Yuko Busiu chini ya ardhi, mahali fulani karibu na stoo ya pamba.

Mhariri alikuja akasimama nyuma yangu. Sikumweleza, lakini alisoma, na jina alilijua. Alikohoa, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

"Mwanangu," alisema, "hii iache. Andika inasemekana. Mara moja tu. Mwongozo nimeutunga mimi, nami nimekuruhusu."

Nadhani katika maisha yake hakuwahi kumpa mtu zawadi kubwa kama ile, nami nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama mume wangu atakufa kwa inasemekana, basi heri wangemtangaza redioni miaka ileile. Nilimwambia nimewafukuza watu hapa mezani kwa ajili ya neno hilo. Sauti yangu ilipanda mpaka mpanga herufi akaacha kazi kule nyuma. Mzee aliweka mkono juu ya meza yangu, karibu na wangu, asiuguse, kisha akaenda zake.

Ndipo nilipomwelewa yule baba wa Iganga aliyeikunja karatasi yake. Kutaja jina si jambo dogo. Anayesema ndiye anayefunga mlango, na kila siku baada ya hapo atajua ni mkono wake.

Niliandika tangazo upya kwa utaratibu wote. Jina lake kamili. Kazi yake. Siku aliyotoka nyumbani na alikokuwa akienda. Kisha: amefariki Busiu, kwa kupigwa risasi, wakati wa vita. Mke wake ndiye anayesema hivyo, na amejua kwa kuelezwa na aliyeona. Nikaweka jina langu. Nililipitia mara ya pili kama ningelipitia la mgeni, nikakuta hakuna cha kukata, nikampelekea mpanga herufi mwenyewe. Alilipokea kwa mikono miwili.

Gazeti lilipotoka hakuna aliyekuja kusema amemwona. Shehe alingoja muda aliotaka kungoja, kisha akapanga karama. Nilifunga chumba cha Mafubira, nikamwachia ufunguo yule mama aliyeniita binti wa dada yake, nikaenda Malukhu.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wa Kinubi waliokuwa wamerudi kutoka huku na huku walikuwa wakipika uani, na walinipokea kwa vilio, wakanishika mabega, wakanikalisha mkekani karibu na mama mkwe wangu. Hakuwa akisuka siku hiyo. Mikono yake ilikuwa mapajani na haikujua la kufanya. Nilikuwa nimeota saa ile kwa miaka mingi, kukaa katikati ya watu na kulia, na sasa machozi hayakuja. Walinizunguka pande zote, na hata hivyo nilijiona niko peke yangu kuliko nilivyokuwa chini ya paa langu linalovuja.

Mama mkwe hakujua kusoma. Aliniuliza kama nimelileta gazeti. Nilikuwa nalo. Akaniambia nimsomee. Nilisoma jina, nikasoma kazi, nikasoma Busiu, nikasoma mke wake ndiye anayesema hivyo.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Ni wewe uliyesema? Si mtu mwingine?"

"Ni mimi, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wamekuja wengi kuniambia," alisema. "Watu wanasema hivi, watu wanasema vile. Nikawa siwaamini, nasuka zangu. Watu si lazima uwaamini." Alinyoosha mkono akalishika lile gazeti kwenye ncha, kana kwamba lina moto, akaliweka chini. "Sasa wewe, mwanangu. Wewe nitakukatalia vipi?"

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu vita, na mimi ndiye niliyemshika.